Doa Pembeni mwa Mwezi

10 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zinakukuta mzima huko juu kwenye kituo cha hali ya hewa, na kwamba baridi haijakuonea. Mimi sijambo, isipokuwa goti asubuhi. Cherehani inazunguka. Jirani yetu fundi saa anakusalimu, anauliza kama mawingu mnayapima kwa futi au mnayakadiria tu kama mafundi nguo.

Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mwingine. Nadhani nimeharibu kioo cha mama yako.

Tangu tumzike, miezi minane sasa, darubini yake ilikuwa imesimama stoo chini ya shuka. Unakumbuka alivyoiita Shangazi, kwa sababu ni ndefu, imenyooka, na inachungulia mambo ya mbali yasiyoihusu. Juzi nilitamani kuona alichokuwa akikiona yeye jioni zile akiniita, "Fundi, acha hiyo suruali, njoo uone!" nami nikijibu naja, bila kwenda. Nikamtoa Shangazi uani. Kioo kilichoko ndani ya bomba lake, chini kabisa, kilikuwa na vumbi. Nikakiosha kama alivyokuwa akikiosha: maji ya vuguvugu, tone la sabuni, pamba, bila kusugua. Hata kitambaa nilijifunga kichwani kama yeye, nywele zisidondokee kioo, ingawa nywele zangu zenyewe unazijua.

Saa moja jioni mwezi ulikuwa karibu nusu. Ulikuwa mzuri, mwanangu, mabonde yake yamekaa kama mikunjo ya kitambaa kipya. Lakini chini, pembeni, palikuwa na doa jeusi. Nikakiosha kioo tena. Jioni ya pili doa limekua.

Alikisaga kioo kile miezi saba, akilizunguka pipa la mafuta lililokuwa meza yake hapo uani, akisugua kioo juu ya kioo. Nikimpelekea chai anaipokea kwa mkono mmoja, wa pili hausimami. Ukijiondoa wewe, ndicho alichotuachia. Nikifumba macho naiona ile pamba. Niambie kama kinaponyeka.

Baba yako

16 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Gari la chakula limefika leo na barua yako, na kesho asubuhi linashuka na hii. Lingine ni baada ya siku kumi na nne, na simu unajua haishiki huku. Mimi mzima. Mwenzangu wa zamu ana mafua, lakini bado anakula na mkate wangu, kwa hiyo hatumhofii.

Baba, usiogope. Hujakiharibu. Mama alinifundisha: kioo kikichafuka mwezi wote unafifia, hakitoi doa. Doa lenye ukingo mara nyingi liko kwenye ile lenzi ndogo ya kuchungulia. Fanya hivi. Tazama mwezi, kisha izungushe lenzi polepole kwa vidole. Doa likizunguka nayo, ni uchafu wa lenzi, utapangusa tu. Lisipozunguka, tazama kwa jicho jingine, halafu uniambie.

Ila vua miwani kwanza. Unakumbuka mama alivyokuwa akitupokonya mimi na wewe pale mlangoni? "Vipofu wangu wawili, leteni hiyo miwani!"

Nafurahi umemtoa Shangazi. Ukiweza tafuta na Zohali, ile sayari yenye pete. Mama alipoiona mara ya kwanza alikwenda kukagua mdomo wa bomba, akidhani mimi nimebandika picha.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima, na mwambie mwenzako ale mkate wake.

Barua yako ilifika mwezi ukiwa mkubwa, unachomoza nimeshalala, na baadaye ukapotea kabisa. Kwa hiyo nikasubiri uandame upya. Jana ukakaa juu ya paa la fundi saa, mwembamba kama ukucha. Nikaizungusha lenzi. Doa halikuzunguka. Nikatazama kwa jicho la kushoto. Mwezi ulikuwa safi, ncha hadi ncha! Nikarudi la kulia: doa. La kushoto: safi.

Kioo cha mama yako ni kizima, mwanangu! Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, mpaka fundi saa akachungulia uani kuuliza kama nimeposa.

Kumbe ni jicho langu tu. Sasa naelewa. Siku hizi hata kwenye cherehani kuna kama pazia upande mmoja, linasogea kidogo kidogo. Juzi mteja alirudisha shati akaniambia, "Fundi, ukosi huu unatazama kwako, siyo kwangu." Nilidhani ni taa. Nikigeuza kichwa ghafla naona na vimulimuli, vizuri hata kuvitazama, kama nyota zimeingia ndani. Hapaumi hata kidogo. Ni uzee.

Nimemfunika Shangazi vizuri. Sasa nalala usingizi.

Baba yako

13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nenda hospitali ya macho leo hii. Usimalize barua. Nenda, fundi saa akusomee njiani.

Nilipofika pale kwenye "jicho langu tu" nilikuwa nakusoma kwa sauti, na mwenzangu akaweka kikombe chini. Mama yake mdogo alianza hivyo hivyo, pazia na vimulimuli, bila maumivu. Akasubiri wiki tano na jicho halikurudi. Wewe umeshatimiza wiki tano. Nimehesabu kwenye kalenda ya mvua. Nusu ya wiki hizo ni za kwangu, kwa sababu nilikwambia utazame mwezi. Ningekwambia utazame ukuta mweupe, ungejua siku ile ile. Nilikuandikia kama fundi wa darubini, si kama mtoto wako.

Dereva atakuletea hii mkononi. Niliomba kushuka naye, mkuu akakataa mpaka apatikane wa kushika zamu yangu. Usishone. Usibebe kitu kizito. Naogopa, baba.

Mwanao

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hakuna barua yako kwenye gari.

Dereva anasema alibisha hodi mpaka mkono ukamuuma. Mlango una kufuli. Alichungulia dirishani, cherehani imefunikwa. Kibanda cha fundi saa nacho kimefungwa, na saa za ukutani zimesimama, kila moja na wakati wake. Aliisukuma barua yangu chini ya mlango.

Kila baada ya saa tatu natoka kusoma vipimo, na kila nikitoka nawaza. Nawaza umeanguka bafuni. Nawaza uko mahali unaita na hakuna anayekujua. Mama alipofariki nilikuwa hapa hapa, naandika milimita za mvua, na siku ile niliziandika vizuri kabisa, baba, bila kosa hata moja, kwa sababu sikujua. Sasa siwezi kuandika namba bila kujiuliza ni namba ya siku gani.

Yeyote atakayeiokota barua hii, tafadhali aniandikie mstari mmoja, hata kama ni wa kuniumiza.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na marahaba tena, moja kwa kila barua yako. Nipo. Nisamehe mistari inapanda na kushuka.

Siku mbili kabla ya dereva kufika, pazia lilifika katikati. Nilikuwa nimeshika sindano na sikuiona. Nikaogopa, mwanangu. Niliogopa kama siku ile daktari alipotoka chumbani kwa mama yako akaufunga mlango taratibu. Fundi saa akaingia kuomba uzi, akanikuta nimekaa vile. Akaweka ile lenzi yake ya kazi jichoni, akanitazama kwa karibu, akasema, "Mzee, saa ya namna hii siifungui mimi. Simama twende." Akafunga kibanda. Hospitali ya macho ni safari ya siku nzima. Alikaa nami huko wiki tano, analala kwenye benchi, anatengeneza saa za manesi. Hatukupata wa kukuletea neno, maana gari lenu halifiki huko.

Daktari alinieleza kwa lugha yangu. Bitana ya nyuma ya jicho ilikuwa imeachia, kama ya koti kuukuu. Wakairudisha, wakajaza hewa ndani iigandamize kama pasi, nikaambiwa nilale kifudifudi mchana na usiku. Siku kumi nilitazama sakafu. Naijua kila ufa wake kama mama yako alivyojua mwezi.

Tumerudi juzi. Barua zako zote mbili zilikuwa chini ya mlango. Fundi saa alinisomea. Ya pili hakuimaliza, akasema ana vumbi jichoni, nikamwambia azungushe lenzi.

Jicho la kulia halikurudi lote. Naona mwanga, naona mkono, naona picha yako ukutani, lakini mstari ulionyooka unapinda katikati. La kushoto ni zima, ila palikuwa na mahali pembamba, wakapachoma kwa mwanga. Nashona, lakini polepole.

Usijihesabie wiki. Ungeniambia nitazame ukuta, nisingeutazama. Nilikuwa nakiogopea kioo cha mama yako, sikuwa najiogopea mimi. Shangazi ndiye aliyenisemea ukweli, na mimi nikamfunika shuka.

Sasa nisikilize wewe. Daktari aliniuliza kama nina mtoto anayevaa miwani nzito. Nikasema ninaye mmoja tu, anavaa tangu darasa la tatu. Akaacha kuandika. Akasema jambo hili wakati mwingine hupita kwenye damu. Mwanangu, ziba jicho moja utazame. Kisha ziba la pili. Niandikie unachokiona, hata kama ni kibaya. Tangu daktari aliposema vile silali, na safari hii si kwa ajili ya kioo.

Baba yako

25 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Gari bado linashusha mizigo na dereva anakunywa chai. Sikusubiri mwezi.

Nilitoka na barua yako mkononi mpaka kwenye kile kisanduku cheupe tunamoweka vipimajoto, nikasimama hatua tano. Nikaziba jicho la kushoto. Kisanduku kilikuwa kizima. Kisha nikaziba la kulia, na hapo, baba, nikajikuta nimefumba yote mawili. Mwenzangu aliita kutoka mlangoni, "Vipi?" Nikamwambia subiri. Nilikuwa nakuona wewe kwenye kigoda unacheka peke yako kwa sababu kioo ni kizima.

Nikafumbua.

Pembe nne. Nimezitazama moja moja, kisha nimezitazama tena, na hakuna kilichokosekana.

Hata hivyo nitakwenda kupimwa. Wa kushika zamu amepatikana, na gari lijalo nashuka nalo. Nitafika jioni, mwezi ukiwa zaidi ya nusu, juu ya paa la fundi saa. Mwite na yeye. Mtoe Shangazi uani mapema, apoe kwa hewa ya nje kabla hatujachungulia.

Kioo usikioshe.

Mwanao