Nyumba Moja, Disketi Tatu

Mpendwa Mama Daphrose, naomba unisaidie kabla ya tarehe mosi Juni, mimi ni mchoraji ramani katika ofisi moja hapa Muhima, na mwaka huu wa 1992 patroni, mwenye ofisi, alileta kompyuta ya kuchorea, akaniruhusu nichore nyumba yangu ya ndoa itakayojengwa Kinyinya, basi mama yangu akasema jiko liwe nje kwa nyuma maana mgeni hapaswi kuona sufuria, nikamwambia sawa mama, halafu mchumba wangu Alida aliyekulia Bujumbura akasema yeye hapiki kwenye mvua, jiko liwe ndani, nikanakili nyumba nzima kwenye disketi nyingine nikamchorea, naye mjomba Gatera aliyetupa kiwanja akataka sebule ya watu sitini kwa sherehe za kuposa, nikanakili tena, na kila mmoja nikampa karatasi nikimwambia hii ndiyo ya mwisho, kumbe nilipopanua choo nilipanua kwenye disketi ya Alida tu, na jana nimempa fundi Léonidas karatasi ya msingi kutoka ramani ya mama na ya paa kutoka ramani ya Alida, akaniambia, "Bwana Gratien, hii paa haifike kwa ukuta," na hiyo tarehe mosi, siku ya kuchimba msingi, wote watatu watakuja, harusi ni Desemba, je, kuna programu ya kuunganisha disketi tatu?

Gratien, Muhima

Pole, Gratien, ingawa pole kubwa nampa Léonidas.

Kompyuta haina kosa. Zamani, kwa wino na karatasi, ungechoka kwenye ramani ya pili na ungelazimika kumkatalia mtu. Sasa kunakili ni kubonyeza tu, ukaona umeokoka.

Nimemuuliza Jovia, anayefundisha kompyuta. Anasema ungechora nyumba moja, kuta na choo mahali pamoja, kisha kila jiko ukalipatia tabaka lake, kama karatasi angavu juu ya ramani, la kuwasha na kuzima. Ukipanua choo, kimepanuka kwa wote. Anza leo, na zile karatasi mnyang'anye Léonidas uzichane.

Jumapili baada ya misa waite wote watatu ofisini, pamoja, si mmoja mmoja kwa siri kama ulivyozoea. Waoneshe jiko la nje, waoneshe la ndani, kisha uzime la nje wakitazama, maana Alida ndiye atakayepika. Mama atanuna. Mjomba mkumbushe kwamba unaposa mara moja tu, na watu sitini wanaenea uani.

Na kama kidole kitagoma kulizima jiko la nje mbele ya mama yako, usiahirishe msingi. Ahirisha harusi, na umweleze Alida sababu.