Siku Solange Alipotupikia Italia

Jumatano, 13 Agosti

Solange ana siku ya nne tu nyumbani na tayari amechoka kutuona tunafanya kazi. Anasema kule Italia, tarehe 15 Agosti hakuna anayeshika jembe. Familia inapika, inakula, halafu inatoka kutembea na kutazama nchi. Sisi tarehe hiyo tuna Assomption, Kupalizwa kwa Bikira Maria: misa ndefu, basi! "Mama, siwezi kubapeleka bote Italia. Nitaleta Italia hapa." Miaka tisa binti yangu anamtunza bibi kizee mmoja wa Bologna, anamwogesha, anampikia. Sasa anataka kutupikia sisi. Nani angekataa?

Nyogokuru Mukarugwiza, mama mkwe wangu, aliuliza swali moja tu: huko kuna ng'ombe? Wapo. Akaridhika.

Tumbo la Gaju, ng'ombe wetu, limeshuka. Védaste anasema atazaa wiki hii. Mume wangu huyo, ukimuuliza hali yake anakujibu hali ya ng'ombe. Simcheki. Tulipokimbia vita kwenda kambi ya Kashuga tuliacha ng'ombe kumi na tisa. Tuliporudi tulimkuta Gaju peke yake, mtamba, amesimama zizini kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Huyu ndama wake wa kwanza ndiye atakayesema kama tutakuwa tena watu wa ng'ombe, au watu wa kusimulia ng'ombe tu.

Kwa hiyo mwiko unashikwa. Nyama na maziwa havikutani chunguni, wala tumboni siku moja, hasa ng'ombe akiwa na mimba, la sivyo ndama atakwama. Nyogokuru anausema zizini kila alfajiri kama Baba Yetu. Solange bado yuko usingizini saa hizo. Alikulia Goma kwa shangazi yake, kwa ajili ya shule. Mambo ya zizi hayajui. Inabidi nimwambie. Kesho.

Alhamisi, 14 Agosti

Unga na mayai! Solange amekanda, amesukuma kwa chupa ya bia, amekata tepe ndefu na kuzitundika kwenye kamba ya nguo, kati ya shati la Védaste na kitenge changu. Kuku wakaruka. Jogoo akakimbia na tepe mbili, nasi nyuma yake! Nyogokuru akachukua kiti na fimbo, akalinda makaroni mchana kutwa. "Chakula ya kuanika sawa soksi," anasema, na anacheka mpaka anakohoa. Sijamwona hivyo tangu tulipokimbia.

Jirani Emérita amepita mara tatu. Mara ya tatu hakuwa hata na kisingizio.

Sijamwambia Solange. Kuku walinisahaulisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Misa. Kisha jikoni. Nyama ya mbuzi imekatwakatwa kama ya mtu asiye na meno, karoti, vitunguu, nyanya. Saa mbili nzima motoni! Solange anaimba. Nageuka kuchukua kuni, narudi — ameinua mtungi wa maziwa, yale ya kwa Emérita, na anamimina. Yote. Ndani ya nyama.

Nikafungua mdomo. Naye akasema, "Mama, onja," akanitia kijiko.

Mdomo uliofunguka kukataza ukafungwa kwa mchuzi. Na ulikuwa mtamu, Bwana Yesu! Nilimeza. Akanitazama vile alivyonitazama akiwa na miaka sita, akiniletea ua. Ningesema nini? Nikasema: ongeza chumvi.

Wote wamekula. Nyogokuru sahani mbili. Aliomba ya tatu, chungu kikawa kitupu.

Halafu kutembea. Védaste alichukua panga na kamba. Solange akamwuliza vya nini.

"Sasa nipande mulima mikono mutupu? Batasema niko mwizi."

Emérita alitukuta njiani. "Munaenda ku kilio ya nani?"

"Hapana kilio, Mama Emérita. Tunatembeya tu."

"Bure bure? Bote? Na Nyogokuru?" Hakuamini. Akajifunga kitenge, akafuata. Tulipofika kileleni tulikuwa watu kumi na wanne, na wawili walikuwa tayari wameanza wimbo wa msiba.

"Muangalie!" Solange akasema. Tukaangalia. Védaste akaona ua wetu umeanguka upande wa mto. Emérita akaona mbuzi wa mtu kwenye maharagwe yake. Mimi niliona majani mpaka mwisho wa macho, ukungu unapanda kutoka upande wa Walikale, mbali kabisa ule wekundu wa milima ya Rubaya iliyochimbwa madini. Solange anasema kule watu wanatoka miji ya mbali kuja kutazama milima kama hii. "Na ngombe?" Védaste akauliza. "Ziko ndani, Papa, mwaka muzima," Solange akajibu. Baba yake akawaonea huruma mpaka tukafika nyumbani.

Nilifurahi leo. Naandika wazi. Na katikati ya furaha, mtungi ule.

Jumamosi, 16 Agosti

Gaju ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Sasa jua limepanda. Mguu mmoja wa ndama umetoka. Wa pili umekunjwa ndani. Védaste amevua shati. Solange ameshika kichwa cha Gaju, anampa pole kwa Kiswahili na Kiitalia, machozi yanamtoka. Nimetumwa kuchemsha maji. Naandika nikingoja yachemke.

Nyogokuru alisimama mlangoni mwa zizi. "Mwiko ilivunjika. Mwenye aliivunja aseme mbele ya ngombe, ndama afunguke. Ni nani?"

Kisha Védaste, mkono ndani mpaka kiwiko: "Miye. Jana kiisha kula nilikunywa kikombe moja ya maziwa kwa Mama Emérita. Makaroni hainishibishake."

"Ile iko kidogo. Kuko ingine."

Solange akainua uso. "Mwiko gani?" Védaste akaagiza maji ya moto. Jumatatu anarudi kwa bibi yake wa Bologna. Nikisema, ataondoka akijua ni mkono wake. Nisiposema...

Nikachukua ndoo. Nyogokuru akanifuata mpaka hapa jikoni, akafunga mlango.

"Mama Solange. Ile muchuzi ilikuwa na maziwa."

Nikaweka ndoo chini. "Ulijua?"

"Miye nimekamua miaka makumi sita, nisijue maziwa? Tangu kijiko ya kwanza."

"Na ulikula sahani mbili!"

Akatazama chungu kilichooshwa. "Ilikuwa tamu," akasema polepole. Kisha: "Sema weye. Miye niko muzee, naona haya mbele ya ngombe."

Amerudi zizini, fimbo mkononi, kama hakuna kitu. Védaste anaita maji! maji! Yamechemka. Naenda. Sijui nitaanza kumtaja nani.