Utumbo Hausahau

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza ubishi na mjukuu wako hajakumaliza kwa maswali. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha, na kazi ya maabara inaendelea vilevile: asubuhi naosha vyombo vya vioo, mchana napanga sampuli za damu.

Shangazi amenieleza kwamba kipindupindu kimefika mtaa wa pili na kwamba watu wa chanjo wanapita nyumba kwa nyumba. Kumbe wewe umewafungia mlango. Eti ulisema huna ugomvi nao, ila dawa ile dada aliinywa, kidole chake ulikiona kimetiwa wino wa waliochanjwa, na bado ukamzika. 

Nikamwendea mkuu wetu wa maabara, mama mkali anayecheka siku ya mshahara tu, nikamuuliza inakuwaje funda moja limlinde mtu miaka. Nilimwambia mama yangu husema kinachoingia mdomoni leo, kesho kiko chooni. Alicheka, na wala haikuwa siku ya mshahara. Alisema unasema kweli, dawa hupita, lakini hupita ikionyesha sura ya adui. Kwenye ukuta wa utumbo kuna walinzi. Wanaitazama, wanajifunza, na baadhi yao hubaki mumo humo. Baadaye ukipima damu unaweza usikute cha maana, ukadhani kinga imeisha. Siku mdudu mwenyewe akibisha hodi, wale wazee wa kazi wanamtambua na kuitana kabla hajavua viatu. Hakunificha kwamba si wote hulindwa sawasawa, na kwamba watoto wadogo kinga yao haidumu sana, hivyo huhitaji kurudiwa dozi.

Kwa hiyo, Mama, siwezi kukuapia kwamba dawa ile haikosei kamwe. Ila kwa dada haikukosea, kwa sababu dada hakuinywa.

Siku ile ulipotutuma kwenye chanjo nawe ukaenda kazini, foleni ilikuwa ndefu, na zamu yetu ilipofika ilibaki chupa moja. Dada akanisukuma mbele. Nilipotiwa wino, akasugua kidole chake kwenye changu, wino ungali mbichi. Akasema nyingine zitaletwa, na nisikuambie usije ukakosa usingizi bure. Ugonjwa ukafika kabla ya chupa hizo. Mimi nilikuwa mdogo, nikakaa kimya kwa kuwa nilimwahidi. Nilipokua nikanyamaza kwa woga, nisije nikakuona unanitazama na kuwaza ingekuwaje angekunywa yeye.

Ugonjwa uliporudi mwaka uliofuata, watoto niliokunywa nao maji ya bomba moja la mtaani walilazwa karibu wote. Mimi hata tumbo halikuniuma. Ulinikumbatia ukasema nina bahati ya ajabu. Mama, bahati hiyo ilikuwa dada.

Najua utalia. Lia, nami nalia hapa. Kisha watu wale wakirudi, wafungulie, na mwanangu anywe. Anywe na wewe pia unywe.

Shangazi mpe salamu zangu, na usimgombeze kwa kunifikishia habari. Mbusu mjukuu wako mashavu yote mawili kwa ajili yangu. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Mimi mwanao,
kitindamimba wako