Mikate Nyuma, Mama Mkwe Mbele

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Sisimizi! Gari zima sisimizi!

Jana nilipeleka kaimati kwenye hitma Ilala. Masinia matatu, nimeyapanga kiti cha nyuma. Kona ya kwanza tu — shira yote chini. Kile kiti cha hii Toyota IST kimelalia nyuma, sijui nani alidhani watu wote duniani wanabeba makalio tu. Nikapangusa na kitambaa, nikajiona mjanja. Leo asubuhi nafungua mlango — jeshi! Wamejipanga kuanzia kwenye tairi mpaka kwenye mkanda.

Mama mkwe wangu, Bi Zamda, akachungulia kutoka dirishani kwetu juu, akauliza mbona nalizaba gari makofi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mwanawe akijua, bora nihamie kwa hao sisimizi.

Mwanawe ndiye Ghassan, mume wangu. Mwaka wa tatu huu yuko Maskati, kwenye duka la vipuri. Gari lake. Aliponiachia ufunguo aliniusia neno moja: lisiguswe. Sasa na mimi sikuligusa kwa ubaya! Nauza mikate ya kumimina, kaimati, sambusa, katlesi. Bila gari nifanye nini, nibebe kichwani?

Jumatano, 13 Agosti

Nimeenda Buguruni kwa fundi Robert. Huyu vyuma anaweza, mbao anaweza, mdomo ndiyo kabisa. Kasema kuosha kiti kikiwa ndani ni kuwapikia sisimizi futari. Kitoke! Spana, bolti, mara kikatoka — cha kukalia na cha kuegemea.

Nikachungulia ndani. Nikaingiza kichwa, nikabaki humohumo. Robert akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nimeona nafasi! Kumbe gari langu lilikuwa na sebule ndani na mimi sijui. Nikamuuliza, je, nikiweka ubao hapa, sawasawa, kutoka viti vya mbele mpaka mlango wa nyuma? Akakuna kichwa. Kasema ubao mtupu utarukaruka, maana pale pa kuweka miguu pana bonde. Panataka fremu ya chuma yenye miguu mifupi, juu plaiwudi, yote ifungwe kwenye matundu yaleyale ya bolti za kiti. Hatoboi gari hata tundu moja. Ataweka nati za masikio, zile unafungua kwa vidole. Nikitaka, kichanja kinatoka, kiti kinarudi.

Kichanja! Kama cha vyombo kule uani kwa bibi, ila hiki kina tairi. Nikamwambia aanze leo hii kabla sijapata akili.

Kiti nimekiosha, nimekianika barazani kwa Mzee Natvarlal, mwenye duka la viungo hapa chini ya nyumba yetu. Jua linapiga vizuri pale.

Alhamisi, 14 Agosti

Robert kapiga simu. Gari keshalipima, sasa anataka kipimo cha sinia, aweke kingo masinia yasitembee. Mimi mikono imejaa unga, mafuta yako motoni. Futi kamba niitoe wapi? Nikamwambia namtumia sinia lenyewe kwa bodaboda. Nikampigia kelele mama mkwe kutoka jikoni ampe dereva sinia moja. Kaitikia. Mambo yanakwenda!

Nimeshuka jioni kugeuza kiti. Nani kakikalia? Mzee Natvarlal, kaegemea, miguu kainyoosha. Pembeni yake Mbaruku, muuza kahawa, kaweka dele lake na kashata. Na wazee wengine wamebanana. Nikaamkia, shikamooni. Marahaba! Nikasema wazee wangu, kiti kibichi hicho. Mzee Natvarlal kanijibu bila haya: joto la mwili linasaidia kukausha.

Haya.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nusura nimtafune mtu.

Kichanja tayari. Kizuri! Kimelala humo ndani kama kilizaliwa na gari. Robert kakipiga zulia la kijivu, pembe zote kazikata mviringo nisijichane. Nikaweka sinia langu — haliingii. Linaelea juu ya kingo. La pili, vilevile. Nikamuuliza, Robert, umepima nini? Akaapa kwa mama yake kwamba kapima sinia nililomtumia. Sinia gani? Lile la maua, kasema. Lililokuja na vitumbua.

Vitumbua?!

Nikapiga simu nyumbani. Mama mkwe wala hakushtuka. "Ulitaka nitoe sinia tupu nyumba hii liende kwa mtu? Watu waseme tumekwisha?" Na yale ya biashara yana mabonyeo, aibu. Basi katoa sinia lake la wageni, dogo, la maua, kalijaza vitumbua, kalifunika kawa, ndipo akampa dereva. Mafundi wote wa Buguruni wamekula wakashiba, kisha Robert kalipima kwa heshima zote na kutengeneza kichanja cha sinia la wageni!

Nilimpigia kelele Robert, maskini, na hana kosa. Akasubiri nimalize. Akasema, "Dada Fakhriya, mimi nilidhani ndiyo utaratibu wenu, mtu anatuma kipimo na kitafunwa." Weee! Nilicheka nikakaa chini, palepale kwenye vumbi la mbao.

Kazing'oa kingo zote. Sasa ni vibao vya kuchomeka, unasogeza kufuata ukubwa wa sinia, kubwa, dogo, lolote. Tena nusu ya nyuma kaongeza ubao wa juu, masinia yakae ghorofa. Kichanja kimekuwa bora kuliko kile cha mwanzo, namshukuru mama mkwe ingawa sitamwambia.

Na lile sinia la maua Robert kanirudishia na ndizi mbivu juu yake. Kaambiwa na nani, sijui. Bi Zamda alipoziona kasema yule kijana kalelewa.

Jumatano, 20 Agosti

Nimetoka Kariakoo mpaka Kivukoni na masinia manne ya kaimati, shira ya moto moto, mama mkwe kiti cha mbele. Kona. Tuta. Mkokoteni wa magunia ukanikatia mbele, nikafunga breki mpaka mama mkwe kataja marehemu wake wote. Nikageuka nyuma — hata tone! Masinia yametulia kama wanafunzi darasani. Nikaimba. Nina sauti mbaya na nikaimba dirisha wazi.

Bi Najma wa karibu na Mnazi Mmoja kaonja, kaniagiza masinia sita ya maulidi ya kwake, Alhamisi ya tarehe nne. Wageni wake ni wale wenye ndimi kali. Wakisifu hao, mji mzima unajua. Wakiponda, pia.

Sijawahi kuwa na kitu nilichokiwaza mimi, kikawa. Kinanipa raha mpaka naona haya.

Jumapili, 24 Agosti

Ghassan anarudi! Anarudi jumla! Nimepiga vigelegele mpaka Mzee Natvarlal kule chini akauliza nani kaposwa.

Halafu Ghassan akaendelea kusema kwenye simu. Kasema keshawaza kazi ya kufanya akifika. Taksi mtandao. "Gari si tunalo, Fakhri? Viti viko safi?"

Nikasema viko safi.

Na kweli viko safi! Viko barazani tu.

Simu imekatwa, nimekaa jikoni nimeshika kijiko sijui cha nini. Gari ni moja. Akiweka abiria, mimi nitaweka wapi masinia? Nitarudi kule kwa kuomba lifti na kumwagiwa shira mapajani. Na yeye naye kachoka ugenini, ana haki ya kukaa kwake afanye kazi yake, na gari kweli ni lake. Namtaka mume wangu. Nakitaka na kichanja changu. Vyote viwili! Ni dhambi?

Mama mkwe kasikia kila neno. Kala katlesi mbili na kwenda kuswali.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeshuka kuchukua kiti changu. Nimeshindwa.

Wamekitandikia mswala wa zamani. Wamekifungia mwavuli. Pamekuwa kijiwe! Mbaruku kasema tangu kiti kije wateja hawanyanyuki. Mzee Natvarlal kasema mgongo wake, uliomsumbua tangu enzi za kuuza karafuu kwa pishi, umepona, na daktari hakuwa na kiti kama hiki. Nikawaambia mwenye gari anarudi, atataka kuweka abiria. Wakashauriana, wazee wazima, vichwa pamoja. Jawabu: nichukue benchi la dukani, nilifunge hilo kwenye gari.

Benchi!

Nikarudi juu na kashata ya bure mkononi. Ndiyo hongo yao hiyo, na nimeila.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimejaribu kumwambia. Nimeanza vizuri kabisa, "Ghassan, lile gari..." Akadakia kunieleza habari za abiria wa uwanja wa ndege, alfajiri hakuna foleni. Sauti yake ina furaha hivyo, nikamezea.

Mama mkwe kasema niache simu. "Mwanangu namjua mimi. Ukimwambia atabisha mpaka kiama. Muonyeshe."

Jumatano, 3 Septemba

Makubwa. Safari ya Ghassan imewahishwa. Hafiki Ijumaa, anafika kesho alasiri. Kesho! Siku ya maulidi ya Bi Najma!

Mzee Natvarlal kaona uso wangu, kasimama mwenyewe kutoka kwenye kiti. Kasema, "Chukua, binti. Mume ni mume." Wazee wote wamesimama, Mbaruku kanyanyua dele. Nilitamani kulia.

Ningekichukua, masinia sita yangekwenda vipi? Kwenye mteremko ule wa kiti tena, na wale wenye ndimi wananisubiri?

Nimewaambia wakae. Kichanja kinabaki. Tutampokea tukiwa njiani na masinia; tutakodi bajaji, Ghassan atatufuata nayo nyuma mpaka kwa Bi Najma. Nimeamua.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepaki pembeni ya barabara itokayo uwanja wa ndege. Nisipoandika nitapiga honi bure.

Ghassan katoka amekonda. Kanzu nyeupe, begi moja, mengine yanakuja na meli. Nilisahau kila kitu, nikamrukia mbele za watu. Kisha kafungua mlango wa nyuma aweke begi.

Masinia sita, makawa juu. Akayatazama. Akagonga ubao kwa vifundo vya vidole. Akainama, akachungulia chini. Akauliza kimefungwa kwenye bolti za kiti? Nikasema ndiyo. Gari limetobolewa? Nikasema hata tundu moja. Na kiti? Nikasema kimekaliwa. Akanitazama. Nikamwaga yote palepale, masinia, Bi Najma, taksi yake, kijiwe, na kwamba sitaki kukitoa. Nimesema hivyo. Sitaki. Watu wanapita na mizigo yao.

Akasema, "Tuondoke kwanza."

Nikamwonyesha bajaji. Akakataa. Kasema hakukaa ugenini miaka yote ili aje anifuate kwa nyuma na bajaji. Mama mkwe kiti cha mbele hakutikisika, kasema miguu inamuuma. Basi akaingia kwenye kichanja, nusu ile tupu nyuma yetu, na urefu wake ule, kajikunja, begi kifuani. Nikajua ni kosa. Nikaendesha.

Kwenye kioo naona goti lake tu. Nikajisemea, basi, imeisha, kesho kiti kinarudi. Mara nikasikia kawa linafunuliwa. Halafu kutafuna. Mama mkwe akanifinya paja.

Ndipo trafiki akanyoosha mkono.

Kachungulia dirishani, kaona mama mkwe, kaona masinia, kaona kanzu. Akauliza, "Mama, huyo nyuma ni abiria?" Kabla sijapata neno, Ghassan kajibu mwenyewe, kaimati mdomoni, mkono mmoja kauzungushia masinia yangu yasiteleze:

"Si abiria, afande. Mimi niko kazini."

Nimeipigia mstari mara mbili sentensi hiyo.

Afande kamwambia ashuke. Sasa wako nyuma ya gari, mlango uko juu, nawasikia. Afande anasema habari za sheria, mtu hakai bila kiti wala mkanda, na ana haki. Ghassan anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu anamwonyesha nati. Anafungua moja kwa vidole, anaifunga tena. Anamwambia, "Tazama, tumekitengeneza hatukutoboa popote."

Tumekitengeneza! Na yeye alikuwa Maskati!

Mama mkwe kaziba mdomo kwa buibui, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Bi Najma anapiga simu, hii ya pili. Afande kavua kofia, kainama kuchungulia chini, na Ghassan anamwambia subiri kwanza, hapa kwenye kona tunataka kuongeza kibao kingine, masinia yasiteleze.