Kengele ya Bwawani

Nether Wick
9 Agosti 1976

Mwanangu Thirza,

Hamjambo huko Leicester, wewe na Desmond? Sisi wazima, ila ukame umetuchosha. Bwawa limekauka kabisa. Jana baba yako aliingia kumnasua kondoo matopeni, akakanyaga chuma. Kufukua, kumbe kengele ya kanisa, kubwa kama pipa! Kitongoji chenyewe nyumba sita, kanisa hatujawahi kuwa nalo. Imetoka wapi? Baba yako ameweka kiti pembeni yake, anailinda kama mtoto.

Mama yako

Leicester
13 Agosti

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa kengele yenu inatunyima usingizi! Desmond anasema kwao Saxby wazee husimulia kwamba kengele yao iliibwa na watu wa Marston, mkokoteni ukapinduka njiani, kengele ikazama majini. Usimwambie Baba kwamba umesikia kwetu. Tangu niolewe Saxby, hata jina la kijiji hataki kulisikia.

Bintiyo

Nether Wick
21 Agosti

Mwanangu,

Afya yangu nzuri, mdomo wangu ndio mbaya. Nilimwambia. Akafoka, "Saxby! Hata kengele imewashinda kutunza!" Habari zikaenea. Juzi wakaja watu wa Marston na padri wao, wa Saxby na trekta. Kelele tupu. Mkweo, Mzee Garth, akamwambia baba yako, "Amos, usibishe kwa mdomo. Njoo kwetu upande mnara wa kanisa, ujionee."

Leo asubuhi baba yako kavaa koti la Jumapili, katoka bila kuaga. Mpaka sasa hajarudi.

Mama yako

Nether Wick
18 Septemba

Thirza,

Hamjambo? Mama yako kagoma kuandika, anasema safari hii ni zamu yangu.

Nilikwenda Saxby kuwaumbua. Nikapanda mnara. Juu kuna kengele mbili, na katikati boriti tupu iliyolika, mahali pa ya tatu. Garth hakunicheka. Aliniuliza tu, "Unapenda bia au chai?" Mbishi yule, kunishinda hata mimi. Tulibishana juu ya kondoo mpaka jioni.

Mvua imerudi. Kabla bwawa halijajaa tuliivuta kengele kwa trekta lake, mimi nikitembea nyuma. Watu wa Marston walisimama barabarani wakituzomea, kisha wakasaidia kusukuma mlimani.

Kengele itapigwa Jumapili ya wiki ijayo. Baada ya ibada tunakula kwa Garth. Nimewahesabu na ninyi wawili.

Usijisumbue kujibu. Njooni tu.

Baba yako