Silla na Baekje Meza Moja

Alhamisi. Mvua ya baridi tangu alfajiri, soksi zimelowa, na nimechoshwa na falme za Korea.

Sitanii. Falme.

Kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, hapa St Marys, Sydney, tuna Wakorea wawili. Mzee Han alizaliwa Buyeo, Bi Choi alizaliwa Gyeongju. Jumatatu meneja akaamua wakae meza moja ili kila mmoja apate wa kuongea naye. Kwake Mkorea ni Mkorea, kama anavyonipanga shifti moja na Furaha akidhani mimi wa Kakamega, Kenya, na yeye wa Bukavu, Kongo, tumelelewa nyumba moja.

Tangu siku hiyo Mzee Han amegoma kula chakula cha mchana.

Leo nilikaa naye, nikambembeleza mpaka nikaishiwa maneno. Ndipo akanieleza. Buyeo ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Baekje, watu wa sanaa na elimu, waliowapelekea Wajapani dini ya Buddha. Gyeongju ilikuwa ya Silla. Silla wakaenda kuwaita Wachina, wakasaidiana kuiangusha Baekje. Yeye hawezi kula akitazamana na msaliti.

Nikamuuliza haya yalitokea lini. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita.

Niliweka kijiko chini.

Bi Choi, ambaye kwa kawaida hasikii hata kengele ya moto, hilo alilisikia. Akajibu kwamba Silla hao hao ndio waliowafukuza Wachina baadaye. Utotoni, akasema, alicheza kwa kuteleza kwenye nyasi za makaburi ya wafalme wake, makubwa kama vilima, na humo yalifukuliwa mataji ya dhahabu. Baekje wameacha nini? Supu ikapoa. Wazee wengine wakaanza kulalamika. Nilitaka kuvua aproni niende zangu.

Furaha alikuwa anafuta meza ya jirani. Akaja, akachuchumaa mbele ya Mzee Han, akamwambia polepole kwa Kiingereza chake:

"Baba, waliochoma nyumba yetu nawajua kwa sura. Mama wa mmoja wao tunasali naye kanisa moja, hapa hapa Sydney. Na bado nakula."

Mzee akamuuliza kama yeye na mama huyo huwa wanasalimiana.

Furaha aliinuka. Alichukua bakuli, akaenda kuipasha supu moto.

Mzee Han aliimaliza yote. Kwanza alikigeuza kiti, Bi Choi akabaki anatazama mgongo, lakini alikula. Meneja akapita, akasema anafurahi kuona wamezoeana.

Nikaendelea kukusanya vyombo.

Jioni kwenye treni nilimshukuru Furaha, nikamwambia bila yeye mzee angeshinda njaa tena. Treni ilikuwa inapita Mount Druitt.

"Dada, ile swali yake," akasema. "Miye sijawahi kumusalimia ule mama. Hata siku moja."

Kuna maneno ya msamaha tunayoambiana kanisani kwa mambo kama haya, na yote yalinijia mdomoni. Niliona aibu, nikayameza. Nilimshika mkono tu, nikashuka Rooty Hill.

Bado nina hasira, ila sijui tena nimemkasirikia nani. Asubuhi naingia kazini mapema, na sitaki kusikia habari za mfalme yeyote kabla ya chai.