Maelezo ya Mama Bhoke Kuhusu Kiboksi cha Redio Kilichopandishwa Jiweni

POLISI MUSOMA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wankyo Machage, anayejulikana zaidi kama mama Bhoke
Umri: Miaka 53
Kabila: Mkurya
Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Kukausha na kuuza dagaa
Makazi: Bweri, Musoma
Tarehe: 16/09/2023, Jumamosi. Yameanza kuandikwa saa 3:20 asubuhi
Mwandishi: WP 6120 Koplo Rhobi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mbele ya afande kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nina watoto wanne. Wa mwisho ni Bhoke, miaka 26, ambaye mmemweka mahabusu hapa tangu jana. Bhoke ni fundi wa simu na kompyuta, ana kibanda chake Iringo. Ufundi alisomea Bunda miaka miwili, darasa zima wanaume, yeye peke yake mwenye sketi, na akawapita wote kwenye mtihani. Afande ameniambia nirudi kwenye tukio. Narudi, ila hilo nalo liandikwe.

Mnamo mwezi wa sita mwaka huu Bhoke alitengeneza kiboksi kidogo, hakizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kinachomekwa kwenye kompyuta, halafu wimbo uliomo kwenye kompyuta unatokea kwenye redio, bila waya wowote kufika kwenye hiyo redio. Nyumbani tuna redio tatu za zamani: moja jikoni, moja chumbani kwa mama mkwe wangu ambaye haoni, moja nje kwenye vichanja vya dagaa. Zote tatu zikawa zinaimba wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Na nyimbo zenyewe ni za Bhoke, anazitengenezaga humo humo kwenye kompyuta. Marehemu babu yake alikuwaga anapiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi. Bhoke alimrekodi kwa simu kabla hajafa, akaja kuiwekea ile litungu ngoma ambazo hakuna mkono wa mtu uliozipiga. Mama mkwe alipoisikia mara ya kwanza aliuliza, "Amerudi lini?" Sasa mimi nikigeuza dagaa huku litungu ya baba mkwe inalia kwenye redio, nasema moyoni, nani mwingine Bweri kazaa hivi?

Bhoke alinionya mambo mawili. Alisema, "Mama, kiboksi kikae hapa mezani na hii antena fupi, kisikike hapa hapa uani. Na namba ya masafa usiguse, nimeiweka mahali ambapo hakuna redio ya mtu." Antena ndefu ya majaribio aliiweka kwenye droo. Alinieleza vizuri na mimi nilimwelewa vizuri.

Jirani yangu wa ukuta ni Rebeka Masanja, mama Sara. Huyo Sara ni mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini. Kila siku, ukiacha Jumapili, saa 7:00 mchana anasoma matangazo ya vifo na ya mikutano. Tangu Sara aajiriwe, huu mwaka wa pili, mama Sara ikifika saa saba kasoro anatoa redio yake nje, anaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaifungulia mpaka mwisho. Stesheni haibadilishagi, kile kitufe amekizungushia plasta kisihame. Sara mwenyewe ni mtoto mzuri, akinikuta njiani ananiambia "shikamoo mama mdogo" mpaka anapiga goti. Sina neno na Sara. Lakini miaka miwili, afande, kila siku saa saba. Hata Jumapili mama Sara anarudia kwa mdomo yale ya Jumamosi.

Mnamo tarehe 13/09/2023, Jumatano, saa 1:30 asubuhi hivi, nilikuwa bombani na wanawake wengine wa mtaani. Mama Sara alikuwa anaeleza kwamba shemeji yake amepiga simu kutoka Butiama, kule nako wanamsikia Sara vizuri kabisa. Nikasema, "Na Bhoke wangu naye yuko redioni."

Mama Sara akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. Akasema, "Wee mama Bhoke! Wa kwangu anasikika mpaka Butiama. Wa kwako anasikika mpaka jikoni."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, isionekane nimeumia. Nikajitwika ndoo nikaondoka, na maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima kwa jinsi nilivyokuwa natembea.

Mnamo tarehe 14/09/2023, Alhamisi, Bhoke aliondoka saa 2:00 asubuhi kwenda Iringo. Kompyuta ndogo aliiacha mezani ili bibi yake asikilize nyimbo. Saa 6:30 mchana mimi nilifungua droo.

Hapa afande Rhobi ameweka kalamu chini. Ameniambia kama nataka kusema kile anachofikiri nataka kusema, basi kuanzia hapo mimi si shahidi tena, na nina haki ya kunyamaza au kumwita ndugu au wakili. Nimemjibu, "Mwanangu, andika tu. Nimekuja kwa hilo hilo."

Nilitoa antena ndefu nikaifunga. Inazungushwa kama kifuniko cha chupa, nilishamwona Bhoke akifanya. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa lililozidi bati kwa urefu. Nilipanda na kompyuta na kiboksi ndani ya beseni la dagaa, na goti hili bovu. Kule juu nikabonyeza kitufe cha namba mpaka ikafika namba ya redio ya Sara. Ile namba naijua kuliko namba yangu ya simu. Nilitaka mama Sara amsikie mtoto wangu kwenye redio yake mwenyewe, juu ya ndoo yake, saa yake ile ile. Afande ameniuliza sababu aiandikeje. Nimesema aandike wivu. Ameniuliza mara mbili, nimesema wivu.

Saa 7:00 kamili nilimsikia Sara kwenye redio ya uani kwao akisema, "Wasikilizaji, sasa ni matangazo ya vifo." Nikawasha wimbo. Sauti yake ikakatika, litungu ikaingia. Iliingia kwa mama Sara, ikaingia nyumba ya pili, ya tatu, mpaka kule chini kwa kinyozi. Watu wa pale wote saa ile wanafunguliaga redio hiyo hiyo, kwa sababu ya misiba. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Nilimwona mama Sara anatoka na mwiko mkononi, anaipiga redio makofi, anaita, "Sara! We Sara!" Nilicheka peke yangu juu ya jiwe mpaka mbavu zikauma. Sitaki kudanganya, sikufurahi hivyo hata siku ya ndoa yangu. Wimbo ulijirudia mara tano. Saa 7:25 niliteremka, nikarudisha vitu mezani na antena kwenye droo. Namba nilisahau kuirudisha.

Jioni saa 11:00 mzee Magesa, ambaye ni jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa zaidi ya miaka sabini anayeishi peke yake, alipeleka redio yake kwa Bhoke kule Iringo. Simu yake pia ilikuwa huko tangu Jumatatu, imefunguliwa, inasubiri kipuri. Alimwambia, "Mjukuu wangu, niangalizie na hii. Mchana ilikuwa inaimba tu, haisemi." Bhoke aliifungua akaikuta nzima. Akamuuliza ilikuwa inaimba nini, mzee akamwimbia kidogo.

Bhoke alirudi nyumbani saa 1:00 usiku. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiboksi, akaisoma namba, akanitazama. "Mama, umekigusa?" Nikasema, "Nikiguse mimi, najua nini?" Hakuuliza tena, na chakula hakula.

Mzee Magesa alikuwa amefiwa na dada yake, Nyamburi, wa Buhemba. Mazishi yalipangwa Jumamosi, yaani leo. Maiti ilikuwa imetoka mbali na ilichelewa njiani, kwa hiyo ndugu waliamua wazike Alhamisi hiyo hiyo saa 10:00 jioni. Walimpigia mzee hakupatikana, wakapeleka tangazo redioni. Sara alilisoma mwanzo na akalirudia mwisho. Sisi wa chini ya lile jiwe hatukusikia hata mara moja.

Jana Ijumaa, saa 3:00 asubuhi, wapwa wa mzee Magesa walifika kwake na hasira. Walimuuliza ni moyo gani huo wa kutotokea kumzika dada aliyemlea. Mimi nilikuwa kwenye vichanja vyangu nasikia yote. Mzee alisema, "Nilikuwa nimekaa mbele ya redio." Wakaendelea kusema. Akarudia tena, polepole, "Nilikuwa nimekaa mbele ya redio, wanangu." Niliendelea kugeuza dagaa. Niliwageuza wale wale mara mbili.

Wapwa waliuliza majirani, kila mmoja akasema redio ilikuwa inapiga litungu. Litungu ya nani, hakuna asiyejua, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewatangazia mtaa mzima. Saa 8:00 mchana mwenyekiti wa mtaa alikuja na askari. Bhoke akasema, "Kiboksi ni changu." Alipoulizwa nani alikiwasha akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mama Sara anachungulia ukutani, na mimi nikanyamaza. Liandikwe hivyo hivyo lilivyo.

Leo saa 1:00 asubuhi nilileta ugali na dagaa wa nazi. Nikamkuta Bhoke tayari anakula, anakula sato wa mama Sara. Alikuwa amenitangulia. Bhoke akaniambia kwa kikwetu, "Mama, rudi nyumbani, usiseme kitu. Goti lako haliwezi hii sakafu." Alikuwa anajua tangu Alhamisi. Nikatoka na bakuli langu lilivyo. Pale kwenye benchi mama Sara akanionyesha barua ya mtendaji, kwamba amekuja kumdhamini Bhoke. Akanishika bega. "Dada yangu, usilie. Bhoke ni wetu sote."

Wetu. Miaka miwili Sara ni wake, leo Bhoke ni wetu. Hapo ndipo nilipogeuka nikaingia kwa afande.

Bhoke hakunituma, saa ile hakujua, na hakuwepo. Atoke. Kwa mzee Magesa nitakwenda mwenyewe, na nitakayomwambia si ya kuandikwa polisi. Ombi langu ni moja. Kwenye kitabu chenu, pale mnapoandika mtu katolewa na nani, iandikwe katolewa na mama yake mzazi. Isiandikwe mtu wa dhamana.

Nimesomewa yote tangu juu mpaka hapa. Ni maneno ya kinywa changu, sikulishwa na mtu. Wino wa dole gumba urudisheni, naandika jina langu mwenyewe.

(Saini) Wankyo Machage

MAELEZO YA AFISA: Yamekamilika saa 5:05 asubuhi. Kuanzia mhusika alipotaja kufungua droo, nimeandika baada ya kumwonya, naye ameendelea kwa hiari yake. Kiboksi na antena mbili vimebaki kituoni kama vielelezo. Bhoke ameachiwa saa 6:15 mchana. Mhusika amejulishwa kuwa anaweza kudhaminiwa. Mtu pekee aliyekuwepo na barua ya mtendaji ni Rebeka Masanja, ambaye ameomba jina la Bhoke kwenye fomu yake likatwe na liandikwe la Wankyo. Mhusika ameuliza kama hakuna mdhamini mwingine. Amejibiwa hakuna. Dakika ishirini baadaye amesaini, na kuomba watoke kwa milango tofauti. Ameelezwa kuwa kituo kina mlango mmoja.

WP 6120 Koplo Rhobi